Kuchora chungu kilichovunjika kwa kumfuata Samuel Bak

Mwalimu wa sanaa, anza na maisha ya mchoraji, kwa ufupi. Bak alizaliwa Vilnius, mji ulioko Lithuania ya leo, mwaka 1933. Akiwa na miaka 9 tu, michoro yake ilionyeshwa ndani ya geto, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi. Baba yake alipigwa risasi Julai 1944, siku chache kabla mji haujakombolewa. Yeye na mama yake waliponea kwenye nyumba ya watawa, kisha wakaishi kambi ya wakimbizi ya Landsberg, Ujerumani, hadi 1948 walipokwenda Israeli. Wanafunzi wa Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma ambako wakimbizi wamepewa hifadhi, hawahitaji kufafanuliwa kambi ni nini. Asilazimishwe yeyote kusimulia ya kwao.

Katika picha zake utakuta mapeasi, sataranji, vyombo vilivyoungwaungwa. Vinasimama tena, ila ufa haufichwi. Hilo ndilo la kufundisha.

Kitambaa cha amerikani kivutwe kwenye fremu ya sentimita 50 kwa 60, misumari ianzie katikati ya kila upande kuelekea pembeni. Ukianzia kwenye kona, kitajikunja. Paka gundi nyeupe ya mbao, sehemu 1 kwa maji sehemu 3, kikauke usiku kucha, kisha rangi nyeupe ya maji mikono 2. Masika, unyevu wa hewa hukilegeza. Gongea kabari ndogo kwenye kona za nyuma.

Chungu kifunge kwenye gunia, ukipige nyundo mara 1. Ukizidisha utapata changarawe, nawe unataka vigae 6 hadi 10. Vishikize kwa udongo mbichi, ukiacha mwanya wa upana wa kidole, na uingize kigae kimoja cha chungu kingine. Kiweke dirishani saa 3 asubuhi. Ikifika saa 6 kivuli kimeisha.

Kosa linalojirudia: mwanafunzi huchora chungu kizima, halafu anachora mstari mweusi akiuita ufa. Mwambie aanze na umbo la mwanya wenyewe. Ufa una midomo miwili, mmoja unapokea mwanga, mwingine uko gizani. Katikati unaonekana unene wa udongo: mwekundu kwa nje, mweusi ndani ambako udongo haukuungua kikamilifu. Hapo atumie nusu ya muda wake.

Rangi zitoshe 4: kahawia, kijivu, nyeupe na bluu iliyofifia. Kigae kisichoafikiana kichorwe mwisho, bila kukilainisha kingo.