Namna ya Kuchunguza Makazi ya Samaki katika Kijito cha Msituni

Anayetaka kujua maisha ya samaki wa kijito cha msituni mara nyingi huanza kwa kutafuta wavu. Ushauri wangu ni kwamba wavu ubaki nyumbani, kwa sababu samaki aliyetolewa majini hatakueleza zaidi ya aina yake, ilhali kijito kikichunguzwa kwa utaratibu hueleza samaki huyo anakula nini, anajificha wapi, na kwa nini haonekani hatua chache tu juu ya hapo. Mwongozo huu umeandikwa kwa kufikiria vijito vya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, vinavyoingia katika Mto Sigi, ambao ndio unaolipatia jiji la Tanga maji. Hata hivyo, hatua zake zinafaa pia katika milima ya Uluguru na Udzungwa.

Kwanza ni kibali. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyomo Usambara Mashariki na iliyotangazwa mwaka 1997, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kuingia humo kunahitaji kulipa kiingilio na kufuatana na mwongozaji. Ikiwa unakusudia utafiti rasmi, omba kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia mapema. Wakati mzuri wa kupima ni Januari na Februari, au Julai hadi Septemba, kwa kuwa wakati wa masika na vuli maji huchafuka na kupanda ghafla katika milima hii inayopata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka.

Ukifika, chagua kipande cha kijito chenye urefu wa mita 100, uanzie chini na kupanda dhidi ya mkondo, ili tope unalolitimua libaki nyuma yako na samaki walio mbele wasishtuke. Chora ramani ya mkono inayoonyesha sehemu tatu: mahali maji yanapovunjika juu ya mawe, mahali yanapopita kwa utulivu, na mahali yanapotuama katika vidimbwi vyenye kina. Usizichanganye sehemu hizi katika daftari lako, kwani kila moja ina wakazi wake. Katika mito ya bonde la Pangani, kwa mfano, wako kambare wadogo wa jenasi ya Chiloglanis ambao midomo yao imeumbika kama kikombe cha kunyonya, nao hujishikiza kwenye mawe mahali ambapo samaki wengine wangesombwa. Samaki wadogo wa jenasi ya Enteromius, wanaoogelea kwa makundi, hupendelea vidimbwi na kingo zilizotulia.

Kasi ya maji hupimwa kwa chungwa. Chungwa huelea huku sehemu kubwa ikiwa imezama, kwa hiyo upepo hauwezi kulisukuma kama unavyosukuma jani. Pima mita 10 kando ya mkondo, lidondoshe, uhesabu sekunde. Likitumia sekunde 20, maji ya juu yanakwenda nusu mita kwa sekunde. Zidisha jibu hilo kwa 0.85, kwa sababu maji ya chini hucheleweshwa na mawe. Pima pia kina, upana na halijoto. Halijoto ina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani: katika usawa wa bahari, maji yenye nyuzi 20 za Selsiasi yanaweza kubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita, lakini yakifika nyuzi 30 hubeba takribani 7.5 tu. Kivuli cha miti, basi, ni sehemu ya pumzi ya samaki.

Sasa inua jiwe moja, lenye ukubwa wa kiganja, kutoka kwenye maji yanayokwenda kasi. Ligeuze polepole juu ya beseni jeupe lenye maji kidogo, kisha usubiri. Kwa kawaida utaona mabuu bapa yenye mikia mitatu yakikimbilia upande wa kivuli, na matamvua yakipepea pembeni mwa matumbo yao. Utaona pia vijumba vidogo vya changarawe vilivyounganishwa kwa hariri, kila kimoja kikiwa na buu ndani yake. Hicho ndicho chakula cha samaki. Ukiona mabuu ya aina nyingi, kijito kina afya. Ukiona minyoo myekundu peke yake, chunguza kinachoingia majini huko juu. Rudisha jiwe palepale, upande uleule.

Usisahau majani yaliyokwama kati ya mawe. Chini ya miti iliyofunga anga, mwanga haufiki majini vya kutosha kuotesha mwani mwingi, kwa hiyo msitu wenyewe hukilisha kijito: majani huanguka, kuvu na bakteria huyalainisha, wadudu na kaa huyatafuna, na samaki huwala wadudu hao. (Usambara wako hata kaa, Potamonautes raybouldi, wanaoishi katika mashimo ya miti yaliyojaa maji ya mvua.) Kwa sababu hiyo, pale ambapo miti ya kingoni imefyekwa ili kupanda iliki au miwa, andika urefu wa sehemu iliyo wazi, kisha uangalie kama mchanga na tope vimeziba nafasi zilizo chini ya mawe. Nafasi hizo ndizo maficho na mahali pa kutagia mayai, na zikizibwa samaki hutoweka hata kama maji yanaonekana safi.

Mwisho, kaa kimya kando ya kidimbwi, jua likiwa nyuma yako lakini kivuli chako kisiguse maji, kwa muda usiopungua nusu saa. Kambare na mikunga hutoka usiku, kwa hiyo rudi na tochi. Mkunga anastahili subira ya pekee: huzaliwa baharini, hupanda mito inayomwaga maji katika Bahari ya Hindi akiwa mdogo, na baada ya miaka mingi hurudi baharini kuzaa, jambo linalomaanisha kwamba kila bwawa lililojengwa njiani linamhusu.

Usitumie utupa wala sumu yoyote kuwatoa samaki mafichoni, kwani huua pia mabuu yanayowalisha. Usihamishe samaki kutoka kijito kimoja kwenda kingine, hata kwa nia njema. Kabla ya kuingia katika kijito kinachofuata, osha viatu na beseni, uvianike juani mpaka vikauke kabisa.