Kagua rejeta za nyumbani kabla baridi haijaanza

Kwa anayeishi Uingereza, Septemba ndio mwezi wa kuwasha hita kwa majaribio, hata kama bado unatoka na shati tu: yaani boila inayopasha maji, na rejeta, yale mabamba ya chuma ukutani ambamo maji hayo ya moto hupita. Ukingoja Novemba, mafundi watakuwa wanakimbizana na nyumba zisizo na joto kabisa, na wewe mwenye rejeta moja baridi utakaa foleni.

Washa boila, fungua koki za rejeta zote hadi mwisho, subiri kama nusu saa, kisha pita chumba kwa chumba ukizigusa kwa tahadhari. Usishike spana kabla ya hapo. Rejeta iliyo moto chini na baridi juu ina hewa. Iliyo moto juu na baridi chini imejaa tope la kutu. Iliyo baridi yote wakati nyingine zinaunguza, mara nyingi koki yake yenye namba imekwama: ilifungwa msimu wote wa joto, na kile kipini kilicho chini ya kofia ya plastiki hakipandi tena. Vua kofia, kibonyeze taratibu kwa kitu bapa mpaka kirudi chenyewe. Usikivute kwa koleo; kikichomoka, maji yanaweza kukufuata.

Kutoa hewa ni kazi ya mtu yeyote. Zima hita, acha maji yapoe. Uwe na ule ufunguo mdogo wa rejeta, bakuli na kitambaa kikuukuu. Legeza skrubu robo au nusu mzunguko tu, usiichomoe. Itapiga fsss, ikianza kutema maji, funga. Kitambaa kitangulie, maana maji hayo huweza kuwa meusi kama oili chafu ya gari, na doa lake kwenye zulia jeupe ndilo litakalokula amana yako ya pango. Ukimaliza, tazama kipimo cha presha. Mfumo ukiwa baridi, boila nyingi hutaka baa 1 hadi 1.5. Ikiwa imeshuka, ongeza maji kidogokidogo kwa mpira wa kujazia, kisha funga koki zake. Ikishuka tena baada ya siku chache, kuna mahali panavuja, na kujazajaza ni kuongeza kutu tu.

Tope nalo ni chuma cha rejeta zenyewe kilicholika, na ufunguo ule hauliwezi. Rejeta moja hushushwa ukutani ikaoshwa nje. Nyumba nzima inataka fundi mwenye mashine ya kusafishia, na akimaliza atie dawa ya kuzuia kutu. Mpangaji asijitwishe hili. Kwa nyumba nyingi za kupanga England, sheria ya mwaka 1985 inamtaka mwenye nyumba ndiye akarabati mfumo wa joto, kwa hiyo piga picha, mwandikie, tunza nakala. Boila ya gesi haifunguliwi na fundi asiyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi. Omba kadi yake na uigeuze: kazi anazoruhusiwa zimeandikwa nyuma.

Limebaki vumbi, ambalo wengi hulisahau. Rejeta ikiwa imepoa, tandika taulo bichi chini yake, puliza kutoka juu kwa mashine ya kukaushia nywele, uchafu wote uangukie hapo. Na sofa lililobanana na rejeta lisogeze, maana gesi unayolipia inapasha mgongo wa sofa.