Kupima mtawanyiko wa platini kwa dozi za CO

Mfano wetu ni kichocheo chenye 1% ya platini juu ya alumina. Tunatafuta mtawanyiko, yaani sehemu ya atomu za platini iliyoko usoni, ambako kaboni monoksidi (CO) inaweza kushika. Zilizozama ndani ya chembe haziguswi na gesi.

CO haina rangi wala harufu, na inaua. Kama chumbani hakuna kengele ya CO na bomba la kutoa gesi nje, usifungue silinda.

Hatua ya 1. Weka gramu 0.1 kwenye mrija wa kwatzi, ukaushe.

Hatua ya 2. Pitisha hidrojeni kwa nyuzi 400, saa moja.

Hatua ya 3. Safisha kwa heli. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Usipoze kichocheo ndani ya hidrojeni, maana inashika atomu zilezile zinazotafutwa na CO. Funga hidrojeni tanuru likiwa bado la moto, pitisha heli kwenye joto lilelile mpaka mstari wa kigunduzi (kifaa kinachopima gesi inayotoka kwenye mrija) utulie, ndipo upoze. Lakini heli nayo ina mitego yake. Hata iliyo safi huwa na oksijeni kidogo, na platini iliyopoa huidaka. Dozi ya kwanza ya CO ikifika hugeuka CO2 badala ya kukaa, na hesabu yote inapinda. Funga chujio la oksijeni karibu kabisa na mashine, si kule kwenye silinda, kwa sababu kila kiungio cha bomba kinaweza kuvuja. Wapo wanaotaka kutumia nitrojeni kwa kuwa ni nafuu. Mimi siikubali: inapitisha joto karibu sawa na CO, kwa hiyo kigunduzi cha upitishaji joto hakitaona kitu.

Hatua ya 4. Kwa nyuzi 35, piga dozi za CO ndani ya heli hadi vilele vitatu mfululizo vya kigunduzi vilingane, yaani platini haishiki CO zaidi.

Hatua ya 5. Hesabu. Una miligramu 1 ya platini, yaani mikromoli 5.13. Zikishikwa mikromoli 2.8 za CO, mtawanyiko ni 55%, ukichukulia kila atomu inabeba CO moja. Hilo si lazima liwe kweli. CO nyingine hukaa kama daraja kati ya atomu mbili, na paladi ndiyo hupenda hivyo. Metali ya rodi iliyotawanyika sana hubeba CO mbili kwa atomu. Kwenye infraredi, CO iliyosimama juu ya platini huonekana kati ya mawimbi 2050 na 2090 kwa sentimita, ya daraja karibu na 1850. Namba isiyotaja uwiano wa CO kwa atomu uliotumika siiamini. Ikivuka 100%, shuku kwanza kibebeo, yaani oksidi inayobeba metali, kama alumina hapa: seriamu oksidi hunasa CO na kuifanya kabonati.

Nikeli usiipime hivi. Ikikutana na CO katika joto la chini hutoa nikeli kabonili, sumu kali inayochemka kwa nyuzi 43, ambayo Ludwig Mond na wenzake waliitangaza mwaka 1890. Kwa nikeli, piga dozi za hidrojeni.