Toronto au Montreal? Namna ya kuchagua kabla hujakata tiketi

Kila ukifika mwezi wa tano simu yangu inaanza, mara binamu, mara rafiki wa binamu, mara mtu niliyesoma nae miaka hiyo hata sura nimeisahau, na wote swali ni lile lile: kaka, visa ya Kanada imetoka, nina siku kama saba hivi, niende Toronto au Montreal? Alafu wanataka jibu la neno moja. Kwa vile naishi Toronto wanategemea niseme Toronto, nikisema "inategemea" wanaona nawazungusha. Basi leo nakaa naandika jinsi mi mwenyewe ninavyoilinganisha hii miji miwili, akiniuliza mtu tena namtumia hii naenda zangu kulala.

Kwanza kabisa, achana na orodha ya vivutio. Ukichora mstari katikati ya karatasi, huku mnara wa CN Tower kule kanisa la Notre-Dame, huku makumbusho kule makumbusho, mwisho wa siku utapata droo tu, maana mji wowote mkubwa hivyo vitu unavyo. We fanya hivi: mtafute mwenyeji wa kila mji, hata kwa simu, muulize "nikija kwenu nikaone nini?" alafu nyamaza umsikilize. Mtu wa Toronto, na mimi nikiwemo, hamalizi sentensi ya pili hajakutajia maporomoko ya Niagara, ambayo yako kilomita kama 130 kutoka mjini. Yani umemuuliza mtu kuhusu nyumba yake, yeye anakuonyesha shamba la jirani! Mtu wa Montreal hatoki nje ya mtaa wake. Atakwambia kale bagel (vimkate vya duara vyenye tundu katikati) za duka la St-Viateur, usiende duka la Fairmount, au nenda Fairmount usisogelee St-Viateur, kutegemea alilelewa upande gani, na ukimwambia zote sawa mnaweza msiongee tena. (Nimeonja zote mara nyingi tu. Zote sawa. Ila sijawahi kulisema hilo nikiwa kule.)

Hapo ndo tofauti yenyewe ilipo, na ukiishika hiyo mengine yote yanajipanga. Montreal ni mji unaojijua. Toronto bado inajiuliza.

Na kuna sababu, sio hulka tu. Montreal ilianzishwa na Wafaransa mwaka 1642 ikiitwa Ville-Marie, na kwa muda mrefu sana ndo ilikuwa mji mkubwa kuliko yote Kanada, mabenki kule, makao makuu ya makampuni kule, Toronto walikuwa wanachungulia tu. Metro yao ilifunguliwa 1966, mwaka uliofuata wakaandaa maonyesho ya dunia ya Expo 67, 1976 wakapata Olimpiki. Mwaka huo huo wa 1976 chama kinachotaka Quebec, jimbo ilipo Montreal, ijitenge na Kanada kikashinda uchaguzi wa jimbo, na 1977 ikapitishwa sheria inayoitwa Sheria 101, ya kuweka Kifaransa mbele kwenye kazi, mabango, shule, kila kitu. Makampuni mengi ya wanaozungumza Kiingereza yakafungasha yakahamia Toronto, pesa ikafuata, watu wakafuata, na miaka hiyo hiyo Toronto ikaipita Montreal kwa ukubwa. Kwa hiyo mmoja alibaki na jina lake na lugha yake, mwingine akabaki na pesa. Toronto yenyewe ilijengwa na wageni juu ya wageni, sensa ya 2021 ilikuta karibu nusu ya wakazi wamezaliwa nje ya Kanada, sasa mji wa namna hiyo ukiuuliza we ni nani utakujibu nini? Hata kwenye filamu Toronto mara nyingi inaigiza kuwa New York. Nimekaa hapa miaka, nimeona teksi za njano za New York zimepangwa mtaa wa nyuma ya kazini kwangu wanapiga picha, watu wanapita na kahawa zao wala hawageuki.

Usinielewe vibaya, sisemi Toronto haina kitu. Nasema kitu chake hukioni kwa macho, unakila.

Kwa hiyo hatua ya pili, jiulize wewe unasafiri kwa macho au kwa tumbo.

Kama ni macho na miguu, Montreal haina mpinzani hapa. Unaamkia Vieux-Montréal, ule mji wa zamani wa mawe karibu na bandari, unapanda taratibu mpaka mtaa wa Plateau wenye zile nyumba za ngazi za chuma nje zimejikunja kama mkia wa kinyonga, unamalizia juu ya Mont Royal, mlima ambao kwa mtu wa Moshi ni kichuguu maana una mita 233 tu, ila mji mzima unauheshimu, majengo hayaruhusiwi kuupita urefu. Ukifika pale juu kwenye kibaraza cha Kondiaronk mji wote uko miguuni pako. Kama ni Jumapili ya kiangazi shuka upande wa Parc Avenue usikilize ngoma, watu wanakusanyika pale kwenye sanamu kubwa kila Jumapili wanapiga tu, hamna kiingilio hamna mpangilio, na wengine kwa kweli hawajui kupiga, ila raha ipo. Yote hayo unafanya kwa miguu na metro, ambayo inatembea kwa matairi ya mpira, utaona inavyoteleza kimya.

Kwenye uwanja wa Olimpiki nenda hata kama mpira wala riadha havikuhusu. Ule mnara ulioinama ni mzuri, lakini sisi wa Afrika Mashariki tuna la ziada pale. 1976 Tanzania ilisusia ile Olimpiki, Kenya nayo, na nchi nyingine nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilienda kucheza Afrika Kusini ya makaburu na New Zealand haikufukuzwa. Filbert Bayi wetu, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1500 tangu 1974, hakukimbia. John Walker wa New Zealand akachukua dhahabu. Kila nikipita pale nasimama kidogo naangalia, nawaza ile mbio ingekuwaje. Wenyeji wao ule uwanja unawakumbusha deni tu, walimaliza kuulipia 2006, miaka thelathini.

Kama ni tumbo, njoo Toronto, na usikae katikati ya mji ukipiga picha majengo. Kata nauli ya TTC, usafiri wa umma wa Toronto, ni dola tatu na senti, ukilipia kwa kadi unapanda na kushuka unavyotaka ndani ya masaa mawili, nusu ya wageni hawalijui hilo wanalipa kila wakipanda. Panda tramu ya 506 inapita Gerrard kwa Wahindi, ya 510 inapita Spadina kwa Wachina na hapo pembeni ndo Kensington Market. Eglinton West kuna Wajamaika, Danforth kuna Wagiriki, na ukitaka chakula chenyewe hasa nenda Scarborough, Watamili, Wafilipino, Wasomali, Waafghani, vibanda viko kwenye vijengo vibaya vibaya vyenye parking mbele, humo ndo kuna maajabu. Halali ni rahisi kupata kila kona. St. Lawrence Market wataisifia sana sandwichi yao ya peameal, hiyo ni nguruwe, kama huli ipite tu usijione umekosa.

Na sisi wenyewe tumo. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda, ndege za kwanza zilizowaleta Kanada zilitua Montreal, wakapokelewa kwenye kambi ya jeshi ya Longue-Pointe, lakini wengi baadae waliishia Toronto na Vancouver. Ndo maana Toronto utaenda mgahawa wa Kihindi ukute mogo wa kukaanga kwenye menyu, na mzee kwenye kaunta akusikie unaongea na simu akujibu kwa Kiswahili cha Kampala kilichonyooka kuliko chako. Makumbusho ya Aga Khan, yalifunguliwa 2014 kule Wynford Drive, jengo jeupe linapendeza sana, na yako kimya, ukichoka na mji kapumzike huko.

Chakula cha Montreal? Bagel nimesema. Nyama ya kuvuta moshi pale Schwartz's, wapo tangu 1928, ni ng'ombe ila sio halali, foleni ndefu. Poutine ni chipsi zimemwagiwa mchuzi na vipande vya jibini, ukila baridi ya Februari utaielewa, ukila Julai utajiuliza kwani chipsi mayai ilikosa nini.

Lugha sasa, maana wengi hili linawatisha. Katikati ya Montreal Kiingereza kinatosha, dukani watakusalimia "Bonjour-Hi" na unachagua mwenyewe uendelee kwa ipi. Ila we anza na bonjour, hata kama ndo neno pekee unalolijua, uone sura inavyobadilika. Alafu kuna siri, Montreal kwa ajili ya Kifaransa ina Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi, ukiwa kwenye metro usishangae kusikia Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi nyuma yako, na usimsengenye mtu kwa sauti ukidhani uko ugenini. Yalinikuta. Tuishie hapo.

Hatua ya tatu angalia kalenda kabla ya bei ya ndege. Montreal ya mwisho wa Juni na Julai ni mji mwingine kabisa, tamasha la jazz linafunga mitaa na maonyesho mengi ya nje ni bure, Julai hiyo hiyo kuna Nuits d'Afrique, tamasha la muziki wa Kiafrika, ukibahatika unakuta rumba na bongo fleva wiki moja. Toronto mwanzoni mwa Agosti kuna karnivali ya Wakaribi, watu bado wanaiita Caribana kama ilivyoanza 1967, na Septemba kuna tamasha la filamu. Kosa langu mimi, mwaka mmoja nilijiendea Montreal Ijumaa jioni bila kubuku chochote, kumbe ni wikiendi ya mbio za Formula 1, hoteli zimejaa, za kulala kawaida bei zimekuwa za harusi, nikaishia kulala kwenye kochi la Mkongo mmoja niliyekutana nae kwenye kilabu cha kahawa, Mungu ambariki. Januari na Februari usije kwa utalii labda kama theluji ndo unayoifuata, na Montreal ni baridi zaidi. Miji yote ina njia za chini ya ardhi za kukwepea baridi, ya Toronto inaitwa PATH ina kilomita zaidi ya 30, na mi mwenyeji bado napotea humo.

Pesa haraka haraka. Bei ya kwenye rafu au menyu sio unayolipa, Toronto ongeza kodi asilimia 13, Montreal karibu 15, na mgahawani juu yake kuna bakshishi 15 mpaka 20, kwa hiyo sahani ya dola 20 ihesabie kama 27 usije ukaumbuka. Kulala na kula kwa ujumla Montreal inakuwa nafuu. Kutoka uwanja wa ndege Toronto panda treni ya UP Express, dakika 25 uko Union Station, Montreal kuna basi la 747 linatembea masaa 24. Teksi waachie wenye mizigo ya harusi.

Basi hukumu yangu. Uko peke yako au mko wawili, siku tatu nne tu, hujawahi kufika Kanada: Montreal, wala usifikirie sana. Una watoto, au una ndugu Toronto wa kukulaza (na nani hana ndugu Toronto sikuhizi), au mnataka Niagara: Toronto. Una siku saba: miji yote miwili, ila tiketi ya ndege kata ya kuingilia Toronto na kutokea Montreal, wala sio kinyume chake, maana ukianza na Montreal alafu ukaja kwetu utaona tumejengwa kwa simenti na haraka. Siku tatu huku, moja ya Niagara ikiwa humo, nne kule. Katikati ni kilomita 540, treni inachukua kama masaa matano na inapenda kuchelewa, usipange kitu cha muhimu jioni hiyo. Ukichagua siti kaa upande wa kulia, karibu na Port Hope reli inapita kando kabisa ya Ziwa Ontario, maji mpaka jicho linachoka. Na beba chakula chako, cha kwenye treni ni bei na hakina chumvi.