Kuagiza mabirika ya umeme: malizana na cheti kabla kontena halijapakiwa

Mabirika, pasi au ekstensheni za kuuza Kariakoo zinatakiwa kuwa na CoC (cheti kwamba bidhaa inakidhi viwango) kabla hazijapanda meli. Utaratibu huo, PVoC (uhakiki wa ubora kabla ya mzigo kusafirishwa), ulianza mwaka 2012 chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na ukaguzi hufanywa huko huko mzigo unakotoka na mawakala wa TBS. Ukingoja mzigo ufike Bandari ya Dar ndipo uanze kuhangaika, kontena litakaa likisubiri ukaguzi huku gharama za uhifadhi zikikuhesabia siku.

Mtu wa kwanza kumbana ni kiwanda. Kidai ripoti kamili ya maabara, kurasa zote, kwa kiwango cha kimataifa cha usalama wa vyombo vya umeme vya nyumbani, IEC 60335-1, pamoja na sehemu yake ya mabirika, 60335-2-15 (pasi ni 60335-2-3). Ripoti ya mfumo wa CB (mfumo wa nchi kutambuliana vipimo vya maabara) ndiyo ya kutafuta. Linganisha namba ya modeli herufi kwa herufi na ankara, kibandiko na boksi. Mizigo mingi hukwama hapa, kwa sababu kiwanda kimepima modeli moja kikauza "pacha" wake. Angalia pia orodha ya vipuri: swichi ya kujizima ikibadilishwa kwa ya bei rahisi, ripoti ile haikuhusu tena.

Alama ya CE, ya soko la Ulaya, isikutulize. Kwa bidhaa hizi mtengenezaji hujibandikia mwenyewe. Na chombo cha voti 120 cha Marekani ukikichomeka kwenye 230 zetu, koili inachota nguvu karibu mara nne. Kibandiko kisomeke 220–240 V, 50 Hz.

Kisha agiza sampuli uifungue. Plagi iwe ya pini tatu za bapa, na fyuzi ndani. Pini mbili za umeme huvishwa plastiki karibu na shina. Ile ndefu ya athi (njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja) haivishwi. Ukiikuta nayo imevishwa, rudisha, maana plastiki hiyo inaweza kuzuia athi isishike kwenye soketi. Birika la wati 2,200 linavuta ampea 9.6 hivi: waya usiozidi mita 2 unaruhusiwa kuwa wa milimita za mraba 0.75, ukizidi hapo uwe 1.0. Kwangua nyuzi zake kwa kisu. Zikitokea nyeupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inapata moto na kulegea kwenye skrubu.

Athi ipimwe kutoka pini hadi bodi ya chuma. Malitimita itakuambia tu kama waya umekatika. Maabara hupitisha ampea 25, na ukinzani usizidi omu 0.1, bila kuhesabu waya wenyewe.

Kiwanda kikikushauri ubaki na plagi ya pini mbili za mviringo halafu kikupe adapta za bure, kataa. Adapta nyingi za namna hiyo hazipitishi athi, na bodi ya chuma inabaki bila kinga.

Chombo chenye Wi-Fi au Bluetooth kina idhini nyingine, ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania). Kubandika nembo ya kampuni ya watu bila ruhusa ni kesi ya Tume ya Ushindani, hata kama birika lenyewe ni zima.

Rasimu ya CoC ikija, soma modeli, idadi na jina la muagizaji kabla haijawa cheti. Kosa la herufi moja ni rahisi kusahihishwa mzigo ukiwa bado ghalani kwa muuzaji.