Kumpandisha Bonge ndege

Bonge ni buldogi wangu. Nilipohama Dar kwenda Ujerumani, yeye alinisumbua kuliko mizigo yote.

Mbwa hajipoozi kwa jasho kama sisi, anajipooza kwa kuhema. Buldogi na pagi (pug), mbwa wa sura bapa, wana matundu membamba ya pua na kaakaa refu linaloziba koo. Akihema sana koo linavimba, hewa inapungua, naye anazidi kuhema. Mwaka 2010 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilitoa hesabu ya kama miaka mitano: mbwa 122 walikufa katika safari za ndege, karibu nusu wenye sura bapa. Buldogi wa Kiingereza peke yao walikuwa 25.

Kwa hiyo kabla ya tiketi, uliza shirika. Mengi hayawachukui kabisa kwenye sehemu ya mizigo. Mimi niliambiwa kwenye simu "hakuna shida dada", kisha kaunta wakamkataa, nikarudi naye nyumbani kwa teksi usiku. Siku hizi nadai kibali cha maandishi kinachotaja aina ya mbwa.

Makaratasi ya Ulaya ni chipu ya utambulisho chini ya ngozi, chanjo ya kichaa cha mbwa, kipimo cha damu angalau siku 30 baadaye, kisha kusubiri miezi mitatu. Muda huo mpunguze uzito. Bonge alishuka kutoka kilo 27 hadi 24 kwa kunyimwa ugali wa usiku.

Mzoeshe kizimba pia. IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, inataka cha mbwa wa sura bapa kiwe kikubwa zaidi kwa asilimia 10, chenye hewa pande zote nne. Changu nilikiweka sebuleni, mlango nimeung'oa, nikawa namwekea chakula humo. Wiki ya kwanza aliburuta nyama nje akaila mkekani. Ya tatu nikamkuta amelala ndani, anakoroma hadi jirani akauliza ni nani.

Shemeji alisema nimpe vidonge vya usingizi. Daktari wa mifugo alikataa katakata: vinalegeza misuli ya koo, na huko chini hakuna wa kumwangalia.

Hatari kubwa ni joto la kusubiri kwenye lami ya uwanja wa ndege kuliko angani kwenyewe. Chagua ndege ya usiku, epuka Dar ya Desemba hadi Machi. Ila Julai, Dar ikipoa, Ghuba (Dubai, Doha) inaungua; usiunganishe ndege huko.

Usiku wa kuamkia safari gandisha maji kwenye bakuli la kizimba, yayeyuke taratibu bila kumwagika. Usimshindilie chakula, wala usimfunge mdomo. Ukipanda, mwambie mhudumu amjulishe rubani kuwa kuna mbwa chini.

Mkifika, mwangalie fizi kabla ya kumkumbatia. Zikiwa za bluu au zambarau, mloweshe maji ya baridi ya kawaida (si barafu), mpepee, huku mwenzako akitafuta daktari. Za Bonge zilikuwa za waridi, na mate yamejaa kifuani.