Namna ya Kusoma Maandishi ya Manusura wa Holokosti kwa Jicho la Teolojia na Falsafa

Anza na ushuhuda wenyewe wa manusura wa Holokosti, yaani mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi wa Ujerumani wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kabla ya kufungua vitabu vya wafafanuzi, kwa kuwa anayetanguliza ufafanuzi huishia kumsikia manusura akisema yale ambayo wengine wamemtilia kinywani. Soma sura mara mbili: kwanza ufuate tukio tu, kisha urudi ukiweka alama kila Mungu, haki au utu unapotajwa, na uandike pembeni ni nani anayetaja.

Mfano mzuri ni *Usiku*, kitabu cha Elie Wiesel, Myahudi aliyefungwa katika kambi ya Auschwitz akiwa kijana; kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1958 baada ya toleo refu zaidi la mwaka 1956 la Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Humo wafungwa wanalazimishwa kutazama mtoto akinyongwa. Mtu anauliza Mungu yuko wapi, na Wiesel anasikia ndani yake sauti ikijibu kwamba yuko pale pale, ananing'inia kitanzini. Jürgen Moltmann, mwanateolojia wa Kiprotestanti kutoka Ujerumani, alilisoma jibu hilo mwaka 1972 kwa mwanga wa msalaba: Mungu anateseka pamoja na wanaoteswa. Usomaji huo una uzito wake, lakini nionavyo mimi, Mkristo anayeukimbilia humpokonya kijana wa Kiyahudi kilio chake. Atulie kwanza kwenye maelezo kwamba mtoto yule, kwa wepesi wa mwili wake, alikaa zaidi ya nusu saa bila kukata roho. Kisha asome kurasa zinazofuata, ambapo siku ya Rosh Hashana, Mwaka Mpya wa Kiyahudi, Wiesel anakataa kumhimidi Mungu na kujiona kuwa mshtaki wake. Hapo ndipo pa kufungua Ayubu, na Ibrahimu akimhoji Mungu kuhusu Sodoma, maana kumshtaki Mungu ni jambo lenye mizizi mirefu katika dini ya Kiyahudi, wala si lazima liwe ukanaji.

Primo Levi, manusura mwingine wa Auschwitz, mkemia Myahudi wa Torino, Italia, asiyeamini Mungu, asomwe sambamba na Wiesel. Katika kitabu chake cha mwaka 1947 kuhusu maisha ya kambini, mfungwa mzee aitwaye Kuhn anamshukuru Mungu kwa sauti kwa kuwa hakuchaguliwa kwenda kuuawa kwa gesi, ilhali kwenye kitanda cha jirani amelala Beppo Mgiriki, mwenye miaka 20, ambaye amechaguliwa na anajua. Levi anaandika kwamba angekuwa Mungu, angeitemea mate sala hiyo. Kila hoja inayotetea haki ya Mungu uipeleke mbele ya kitanda hicho, na uandike ni sehemu gani ya hoja ungeweza kuitamka Beppo akikusikia.